Kizuri Hakijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani hawakuwahi kutafuta kitabu cha takwimu kwa bando la shilingi 20.

Kizuri kipo. Chuo cha MIT kule Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bure. OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, umekuwa ukitoa vitabu vya chuo tangu 2012: fizikia, uchumi, takwimu. Hulipi kitu. Lakini anayeuza ndiye mwenye sababu ya kulipia tangazo. Cha bure hakina dalali.

Mimi niliacha chuo karo ilipokosekana. OpenStax niliijua baadaye, tena kupitia jamaa wa saiba karibu na geti la chuo. Alikuwa ameprinti vitabu vya takwimu na kuvibaindi vizuri, kimoja shilingi 600. Kurasa za mbele, zinazotaja waandishi na leseni, hazikuwepo. Ila chini ya kurasa za ndani palibaki maandishi madogo yakisema kitabu kinapatikana bure, na anwani yake. Huenda hakuyaona. Au aliona uvivu kuyafuta, sijui.

Je, ni mwizi? Leseni ya CC BY, iliyo kwenye vitabu vingi vya aina hii, inaruhusu hata kuuza nakala, bora mwenye kazi atajwe. Karatasi ananunua, wino ananunua, stima analipa. Sina ugomvi na zile 600. Muuza maji hulipwa kwa kubeba mtungi. Ugomvi wangu ni zile kurasa za mbele: hapo ameficha njia ya kisimani.

Lakini wale waliojua njia wakanyamaza je? Kuna wahadhiri na wanafunzi wenye waifai ya bure waliokuwa na anwani hiyo miaka yote. Hawakumwibia mtu hata senti. Hawakumwambia mtu pia. Tunasema vitabu vimewekwa wazi. Wazi kwa nani? Ukinilazimisha kuchagua kati yao na jamaa wa saiba, nitamchagua jamaa, nikimnung'unikia.

Siku hizi nikipita pale naandika anwani kwa biro nyuma ya jalada, nakala mbili tatu. Ameniona. Bado anauza, maana kusoma mamia ya kurasa kwenye simu iliyopasuka kioo si mchezo.