Kisogo cha Fundi

Edward Saidi Tingatinga hakuwa na mwalimu wa kuchora. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Tanga kutafuta kazi kwenye mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam na kuishi kwa vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora chui, tembo na ndege kwa rangi za mafuta, juu ya vibao vya mraba. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, mtaa wa Oysterbay, kwa Wazungu waliokuja pale kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Umri wake wote katika sanaa ulikuwa miaka minne.

Mtu wa namna hii aliwezaje kuacha wanafunzi? Tumezoea kuamini kwamba mlezi ni lazima awe mzee aliyeshiba maarifa, na kwamba kazi yake ni kusema. Siku hizi hata ukumbi hukodiwa: msemaji anashika kipaza sauti, anasimulia alivyotoka kwenye dhiki mpaka akanunua gari, vijana wanaandika kwenye madaftari. Siwalaumu wanaokwenda. Ila sijaona fundi hata mmoja aliyetengenezwa kwa njia hiyo.

Vijana waliomzunguka Tingatinga, miongoni mwao Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata, wengi wao walikuwa jamaa zake waliokuwa wakitafuta riziki kama yeye. Hakuwa na nadharia ya kuwapa. Alikuwa na kazi mbele yake, akawaacha wasogee karibu. Katika uchoraji ule rangi ya chini hutangulia, ikauke, ndipo mnyama aje juu yake, na madoadoa baadaye. Mwenye kukaa karibu huona mpangilio huo bila kuhubiriwa.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kisogo, si uso. Mama yuko mbele na shughuli zake, hajageuka kutoa nasaha, na mtoto nyuma yake anachukua mwendo. Fundi naye hufunza zaidi pale asipokusudia kufunza: anavyoitazama kazi kwa muda mrefu kabla ya kuigusa, anavyokataa kuuza kitu ambacho mteja mwenyewe amekwisha kukipenda.

Mkono waweza kufunzwa na mazoezi, hata ukiwa peke yako chumbani. Jicho ndilo gumu. Kila mtu huipenda kazi yake kwa sababu ni yake, na mapenzi hayo humficha kosa lililo wazi kwa mpita njia. Hapo ndipo unapohitaji mtu unayemheshimu akunje uso mbele ya kazi yako, asiseme hata neno. Inauma. Lakini baada ya muda unajikuta unakunja uso mwenyewe kabla hajafika. Kule kutoridhika kwake kumehamia kwako. Kuanzia siku hiyo anaweza kusafiri, anaweza hata kufa, na wewe bado unaye.

Ndiyo maana simwelewi fundi wa gereji anayemwachia kijana ufagio miaka na miaka, na injini ikifunguliwa humtuma dukani. Anaogopa kuzaa mshindani. Anapata mfagiaji wa bure, basi.

Kuna wasemao kwamba ulezi huzaa vivuli. Wana hoja. Tembea kwenye vibanda vya watalii, Dar es Salaam au Unguja, utakutana na chui yule yule, mkia ule ule, picha mia zisizo na mwenyewe. Tingatinga alikufa mapema mno, hakupata nafasi ya kuwaambia vijana wake watoke kwenye kivuli chake, na wako waliobaki humo kwa sababu kivuli kinauza. Hata hivyo kuiga hakukuwa kosa lao. Kila anayejifunza huanza kwa kuiga, na anayekataa kuiga kwa kiburi cha kutaka upya kwa kawaida huishia kuiga bila kujua anamwiga nani. Kosa ni kuridhika.

Wengine hawakuridhika. Mpata alihamisha brashi yake Kenya, akafanya jina huko. Waliofuata wakaingiza kwenye vibao mitaa yenye msongamano, wagonjwa hospitalini, waganga na wateja wao, wanakijiji kazini. Mambo yaliyo mbali na chui wa Oysterbay. Mwaka 1990 wachoraji hao wakaunda chama cha ushirika. Hayo yote yamefanywa na watu waliotoka, moja kwa moja au kwa kupokezana, kwenye mkono wa mtu aliyechora kwa miaka minne.

Ukienda kununua picha kwa wachoraji wa Oysterbay, angalia sahihi iliyo pembeni, chini. Aina ya picha wanaiita Tingatinga. Jina lililotiwa sahihi ni la aliyeichora.