Je, Kuiga Kazi ya Mtu ni Kuiba?



Siku moja baada ya darsa ya alasiri alinijia mama mmoja mshonaji wa kofia za viua. Alikuwa amebuni kiua kipya, akakihangaikia miezi mpaka kikasimama. Mfanyabiashara mmoja akaomba kukitazama, akakipiga picha kwa simu, akaipeleka ng'ambo. Haukupita muda, madukani kukajaa kofia za mashine zenye kiua kile kile, kwa bei ambayo mkono wa binadamu hauwezi kushindana nayo. Mama yule akaniuliza: "Sheikh, mimi nimeibiwa au sikuibiwa? Maana kofia zangu zote ninazo, haikupotea hata moja."

Nikamwambia: "Mamangu, nipe siku chache nitazame vitabuni." Swali lake si jepesi, na wengi wetu twalijibu kwa haraka.

Wizi kwa istilahi ya mafakihi ni kuchukua mali ya mtu kwa siri kutoka mahali ilipohifadhiwa. Kiua hakikutoka sandukuni. Basi asemaye kwamba hapa hapana wizi wa namna ile amesema kweli. Lakini dhulma ni pana kuliko wizi. Katika Suratu Shuaraa, Mwenyezi Mungu atusimulia jinsi Nabii Shuaib alivyowakataza watu wake kuwapunguzia wenzao vitu vyao. Na neno "vitu" limekuja kwa ujumla.

Wanavyuoni wa Kihanafi wa kale walisema kwamba mali ni kitu chenye kiwiliwili. Ama katika madhehebu yetu ya Shafii, manfaa nayo ni mali. Mtu akiivamia nyumba ya mwenziwe akakaa mwezi mzima, kisha akatoka na nyumba iko vile vile, huyo adaiwa ujira wa mwezi ule, ingawa hakubeba hata jiwe moja. Alichokula ni manfaa. Basi mwenye kula manfaa ya fikra ya mama yule na taabu yake ana tofauti gani na mvamizi wa nyumba?

Na jambo hili halikuachwa kwa kukisia. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba jina la biashara, alama ya biashara, haki ya utunzi na haki ya uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, wala haijuzu kuzivamia. Na zamani sana kabla yake, Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alitunga risala nzima ya kumtenga mtunzi na mwizi wa utunzi.

Yuko atakayesema: "Elimu haifichwi, vipi mtu aifungie kama duka?" Hoja hii ina uzito, kwani Mtume (S.A.W.) amemhofisha mno mwenye kuficha elimu. Lakini tutazame sheria yenyewe. Mvumbuzi hapewi hataza mpaka aeleze wazi namna kitu chake kinavyofanya kazi. Na hapa Kenya hataza hudumu miaka 20 tu, kisha ni ya watu wote. Huko si kuficha elimu. Ni kuifundisha na kuacha mvumbuzi ale jasho lake kwa muda. Tena haki hii ina mpaka. Penye uhai wa watu, haja ya mgonjwa yatangulia faida ya mwenye kiwanda; na sheria ya Kenya ya mwaka 2001 iliacha mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu. Huo ni uadilifu.

Na lazima tuseme kweli pande zote. Viua vya kale ni urithi wetu sote. Hata mama yule alifundishwa na bibi yake. Haki yake ni katika kile alichokizidisha yeye. Ndiyo maana haifai mtu mmoja kujimilikisha cha wote. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" liwe alama yake peke yake, nacho kikoi tumekivaa tangu mababu! Mfumaji wa hapa angejuaje habari ya karatasi iliyowekwa ofisini huko? Shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza likasimama na mawakili kuwatetea wauzaji wetu, na mwishowe ombi lile likaachwa. Hapa pana funzo: haki isiyo na msaidizi huwa kama haiko.

Basi tusilie tu. Katika kila kanga ya "Mali ya Abdulla" mwaona alama ya K.H.E.; wafanyabiashara wa Mombasa walijua zamani faida ya alama. Leo alama husajiliwa katika taasisi ya KIPI kwa miaka 10, nayo huweza kuhuishwa; na umbo jipya la kitu husajiliwa kwa miaka 5, likaongezwa hata kufika 15, maadamu mwenyewe hakungoja mpaka likaenea sokoni. Vijana wetu waliosoma sheria, na walioko vyuo vikuu wakifanya utafiti, wakae na mafundi na washonaji wawajazie karatasi hizo. Hii nayo ni sadaka, na haigharimu ila saa chache.

Nami sisemi haya kama mtu aliyetakasika. Mwaka jana darsa yetu ilitoa nakala za kitabu cha mwanachuoni aliye hai, tukawagawia wanafunzi bila ya kumwomba idhini, tukasema ni kwa ajili ya dini. Jawabu nililomtafutia mama wa kofia limenirudia mwenyewe. Tumemwandikia mwanachuoni yule kumtaka radhi na kumuuliza thamani yake.

Ama mama yule, nilimwambia: "Hukuibiwa kwa istilahi ya mafakihi, lakini umedhulumiwa, na aliyekudhulumu ana deni lako." Akanyamaza kidogo, akasema: "Basi deni na lidaiwe." Nasi twauliza: ni nani kati yetu atakayefuatana naye kulidai?

Wabillahi tawfiq.