Nyumba Isiyo na Ruhusa, Je, Ina Deni la Kodi?

Ndugu zetu, liko swali ambalo watu wa Voi na Taita Taveta yawapasa kulitazama kwa insafu. Mtu amejenga nyumba pasi na ruhusa, katika kiwanja kisicho na hati. Je, yampasa kuilipia kodi ya mji? Na serikali, je, yaifalia kuitoza nyumba ambayo yenyewe haiitambui?

Wako wasemao: "Sikupewa hati wala ruhusa, basi sina deni." Na wako wasemao: "Amevunja sheria, na alipe, kisha abomolewe." Sisi twaona kauli zote mbili zina kosa.

Kwanza tuijue sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 209, imezipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya viwanja na majumba. Na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yamtaka kila ajengaye apate ruhusa kwanza; akikiuka, aweza kutozwa faini hata kufikia shilingi 500,000. Lakini kodi hutakiwa kwa walioandikwa katika daftari la makisio. Asiyeandikwa haitwi. Basi mzigo wa mji humwangukia aliyefuata sheria, na jirani yake hupita kando.

Ama huyo asemaye hana deni, twamuuliza: barabara apitayo, soko auzalo, taka zizolewazo, gharama yake ni ya nani? Deni la mji halitokani na karatasi, latokana na manufaa. Tena wapangaji wake humlipa kila mwezi wala hawamuulizi hati. Vipi apokee kodi kwa mkono wa kulia, na wa kushoto aufiche?

Na tusidanganyane kuwa nyumba hiyo hailipi. Nyumba isiyojulikana daftarini hujulikana mfukoni. Atakuja mtu, atapewa kitu afumbe macho, na baada ya siku chache atarudi. Hiyo ni rushwa, nayo ni haramu kwa mpaji na kwa mpokeaji. Basi mali yatoka, ila haifiki kwenye hazina ya umma.

Ama wenye kutawala, nao wasikilize. Kodi ya vibanda iliyowekwa na Waingereza mwaka 1901 ilimtoza mtu kwa kuwa na paa tu, wala hakuulizwa rai yake. Wanavyuoni waliojuzisha kodi isiyokuwa zaka, na Imamu Ghazali ni mmoja wao, waliweka sharti la haja ya kweli na uadilifu. Kupokea kodi ni kufunga ahadi. Anayempa mtu stakabadhi leo na kumletea tingatinga kesho amekhini amana.

Voi yenyewe ina mfano mwema. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakaazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni, waliokuwa maskwota, walishika ardhi kwa umoja, kwa msaada wa mradi wa serikali na Wajerumani. Ardhi ikawa ya jamii, jengo likawa la mwenyewe; ahamaye huuza jengo, ardhi haiuzi. Somo lake ni hili: mtu hutambuliwa kwanza, kisha huulizwa wajibu wake.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Majumba yote yahesabiwe na kuandikwa, bila ya kutisha watu. Iliyojengwa katika mkondo wa mto au juu ya njia ya umma isihalalishwe kwa kodi, kwani fedha haiondoi madhara. Mwenyewe apewe muda na pa kwenda. Zilizobaki zifunguliwe mlango wa ruhusa kwa ada ambayo maskini aiweza. Wala mjane mwenye chumba cha udongo asifanywe sawa na mwenye ghorofa la kupangisha, ati kwa kuwa viwanja vyao ni sawa.

Nasi wenye majumba tusingoje kufukuzwa ili tulipe. Atakayedai haki yake hali amezuia ya wenziwe, madai yake yatakuwa na nguvu gani? Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika uadilifu. Amin.