Anayeuliza asidhuriwe

SIFA zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu Waislamu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana deni. Allah (S.W.) ameamuru humo kuwa mashahidi wasikatae wanapoitwa. Kisha, ndani ya aya hiyo hiyo, amekataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe, na kuwadhuru akakuita ufasiki. Amri na ulinzi vimekuja pamoja.

Tuitazame nchi yetu kwa kioo hicho. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kutafuta habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inaitaka ofisi imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Hilo ni jema. Lakini mwombaji hujitaja kwa jina. Hapa Songea, mkazi wa Lizaboni au Mfaranyaki akiuliza fedha za kisima cha mtaa zimekwenda wapi, kesho yake anaweza kuitwa mchochezi. Akifuata barua ya utambulisho, anaambiwa mhusika hayupo.

Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Lakini hiyo inamlinda anayefichua uovu. Anayeuliza tu hajafichua kitu. Ndiyo kwanza anatafuta kujua. Huyo naona ameachwa juani.

Wala tusidhani ni jambo dogo. India ilipitisha sheria ya aina hii mwaka 2005. Januari 2010, Satish Shetty, aliyeitumia kufichua udanganyifu wa ardhi, aliuawa huko Talegaon.

Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliulizwa hadharani vipi nguo yake ilimtosha ilhali mgao wa kila mmoja ulikuwa mdogo. Hakukasirika. Alimwita mwanawe Abdullah, akaeleza kuwa alimpa baba yake fungu lake. Muulizaji akarudi kwake salama.

Basi wabunge wetu waweke katika sheria adhabu kwa anayemdhuru muulizaji. Nasi waumini tusimwache peke yake. Barua ya maombi itiwe saini na watu kumi, si mmoja. Akinyimwa huduma kwa sababu aliuliza, tufuatane naye hadi ofisini. Kisima ni chetu sote. Kwa nini adhabu iwe yake peke yake?

Wallahu a'lam.