Urithi wa Mji na Deni Lake

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa zetu yamezungumzwa mengi juu ya Mombasa ya kale, na karibu yote yarejea kwenye swali moja: Je, sifa za mji zaweza kurithiwa? Twawasikia watu wakisema, "Sisi ndio wenyewe wa Mvita," huku wakihesabu milango ya nakshi, misikiti ya kale, tungo za Muyaka bin Haji, na ile Ngome iliyoandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Hayo ni kweli, wala hatuyakanushi. Lakini dai la urithi lina sheria yake, na sheria hiyo twaijua sote.

Mtu akifa, mali yake haigawanywi mara moja. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wasia. Kilichobaki ndicho mirathi. Mrithi atwaaye nyumba akalikana deni lililo juu yake, huyo amekula haki ya watu. Ikiwa hiyo ndiyo hukumu ya nyumba ya mtu mmoja, yafaaje sisi kudai kuurithi mji mzima bila ya kuuliza unadaiwa nini?

Natuitazame kwanza mali yenyewe. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, alilala usiku mmoja tu. Alichowasifia watu wa mji ni dini yao, kujihifadhi kwao na wema wao. Akataja misikiti yao ya mbao iliyojengwa madhubuti, na visima vifupi milangoni, ambapo kila aingiaye huosha miguu kwanza. Mbao zile zimekwisha zamani. Sifa ya watu wale ingali yasomwa.

Sasa natulitazame deni. Bandari yetu haikupitisha pembe na nafaka peke yake. Ilipitisha na wanadamu. Katika karne ya 19 watumwa walilima mashamba ya pwani hii, na jasho lao limo katika utajiri tunaojivunia. Watu waliookolewa majahazini walipotafutiwa makazi, waliowapokea ng'ambo ya Kisauni mwaka 1875 walikuwa wamisionari. Na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria katika pwani yetu ila mwaka 1907.

Yuko atakayesema: "Wareno nao waliuchoma mji huu mwaka 1505. Mbona wao hawaulizwi?" Na waulizwe, lakini dhuluma tuliyotendewa haifuti dhuluma tuliyotenda. Mwingine atasema: "Mimi sikumiliki mtumwa, na kosa la babu halimwandami mjukuu." Amesema kweli, kwani dini yetu haimtwishi mtu mzigo wa mwenziwe. Lakini basi na aikubali kauli yake yote: ikiwa dhambi ya babu si yake, na fahari ya babu si yake vilevile. Hawezi kukikumbatia kimoja na kukitupa cha pili.

Wala deni hili si habari ya kale tu. Liko hai kila kijana mwenye dini na tabia njema apelekapo posa, akajibiwa kwa kuulizwa babu yake alikuwa nani. Wafanyao hivyo hutaja kufu. Naam, wanavyuoni wamelizungumza jambo hilo kwa urefu, na wako walioitia nasaba ndani yake. Lakini walieleza pia kwamba hiyo ni haki ambayo binti na walii wake waweza kuisamehe. Jambo lisameheka, sisi tumelifanya ukuta! Mtume wetu (s.a.w.) alimwoza Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, Zaynab binti Jahsh, binti wa shangazi yake mwenyewe. Na adhana alimpa Bilali.

Basi malipo yetu si ya dhahabu. Tuwafundishe watoto wetu historia ya mji wote, ya aliyenakshi mlango na ya aliyeyabeba mawe ya nyumba. Tuyaache majina ya kudharauliana. Na posa ijapo, tuulize dini na tabia, tukomee hapo. Tukifanya hivyo, ndipo tutakapoweza kusema bila ya haya kwamba sisi ni warithi wa watu wale aliowasifu mgeni wa usiku mmoja.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kulipa kabla hatujadaiwa mbele Yake. Amin.