Rafiki Anapomtilia Shaka Mzee wa Imani Yake

Masomo: 2 Samweli 12:1-14, Wagalatia 2:11-14, Yuda 22

Tunawasalimu ninyi wasomaji wa jarida hili mlioko Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, pamoja na ninyi mlioko hapa mjini Kampala. Sisi wa Nateete tuko salama kwa neema ya Mungu. Kodi ya nyumba inatusumbua, na watoto wengine wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, lakini Bwana hajatuacha.

Safari hii tunataka kuwashirikisha jambo lililotupata katika kikundi chetu cha maombi cha Jumatano. Si jambo la kujisifu. Tunaliandika kwa sababu linaweza kuwapata ninyi pia, na hatutaki mwanguke pale tulipoanguka sisi.

Kuna kijana mmoja, fundi cherehani, anayeshona vitenge karibu na soko la hapa Nateete. Si mshirika wa kanisa letu. Ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Familia yake iliingia katika kanisa hilo walipokuwa wakiishi Lubumbashi, kabla ya kuhamia Kivu na kabla vita havijawafukuza. Kijana huyu ni rafiki yetu. Alitushonea nguo za kwaya kwa bei ya chini, na mama mmoja wa kwetu alipofiwa na mtoto, alifunga cherehani yake siku tatu akakaa nasi msibani.

Jumatano moja alitujia na simu mkononi, macho mekundu. Alikuwa amesoma kwamba Brigham Young, kiongozi wa pili wa kanisa lao, alifundisha mwaka 1852 kwamba watu weusi wana laana ya Kaini, na kwa hiyo hawawezi kupewa ukuhani. Alituuliza: “Wazee wangu, kama aliyeongoza kanisa letu alisema hivyo juu ya mtu kama mimi, mimi nimekuwa nikiomba kwa nani miaka yote hii?”

Wapendwa, tusikilizeni tulivyojibu. Mzee mmoja wetu alisema: “Haleluya, mlango umefunguka! Njoo kwetu ubatizwe upya.” Mwingine akaanza kucheka juu ya wake wengi wa huyo Brigham Young. Kijana aliweka simu mfukoni, akaondoka bila kumaliza chai. Wiki mbili hakutusalimu. Rafiki alikuja na kidonda, nasi tukakitia chumvi.

Baadaye tulitubu, tukakaa chini kujifunza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, tuujue ukweli kabla ya kusema. Wamormoni wa kwanza walikuwa wakimbizi kama sisi. Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1830. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri kwamba waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo lake. Wakakimbilia Illinois, wakajenga mji wa Nauvoo. Mwaka 1844 kundi la watu wenye silaha lilivamia jela na kumwua Joseph Smith. Mwaka 1846 wakaanza kuuacha mji huo wakati wa baridi kali, na Brigham Young ndiye aliyewaongoza kupitia nyika hadi bonde la Salt Lake, walikofika Julai 1847. Wengi walikufa njiani. Sisi tuliotembea msituni na watoto mgongoni tunaijua safari ya namna hiyo.

Lakini katika msafara ule wa kwanza walikuwamo watu weusi watatu waliokuwa watumwa: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Watu waliokimbia dhuluma walikuwa na watumwa kati yao! Mwaka 1852, Brigham Young akiwa gavana wa Utah, baraza la sheria la huko lilipitisha sheria ya kuruhusu utumwa, naye akatangaza zuio lile la ukuhani. Tena kabla ya hapo haikuwa hivyo, kwa maana mtu mweusi aitwaye Elijah Abel alikuwa amewekewa mikono mwaka 1836. Zuio hilo lilidumu hadi Juni 1978. Mwaka 2013 kanisa lao lenyewe liliandika wazi kwamba linazikataa zile sababu za zamani, kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Leo wana washirika wengi Kongo, na mwaka 2019 waliweka wakfu hekalu lao Kinshasa.

Basi mtu akimwambia yule kijana, “Hayo ni maneno ya maadui tu,” anamdanganya. Na mtu akimwambia, “Kanisa lenu bado linafundisha hivyo,” naye anamdanganya. Rafiki mwenye shaka anahitaji mtu wa kumwambia kweli yote, bila kupunguza na bila kuongeza.

Pili, tusidhani kwamba kuficha dhambi za wazee ni kulinda imani. Biblia haikufanya hivyo. Daudi aliandika zaburi tunazoimba, naye ndiye aliyemchukua mke wa Uria na kumwua Uria kwa upanga wa adui. Nathani hakusema, “Tunyamaze, watu watakwazika.” Alimwendea mfalme usoni. Petro alikuwa nguzo ya kanisa, lakini kule Antiokia alipojitenga na watu wa mataifa wakati wa chakula, Paulo alimkemea mbele ya wote, kisha akayaandika katika barua ambayo tunaisoma hadi leo. Na ona, jambo lenyewe lilikuwa la kabila: nani anastahili kukaa meza moja na nani. Petro hakufutwa katika kanisa, wala kosa lake halikufutwa katika kitabu. Vyote viwili vilibaki.

Hivyo hatuna haja ya kumwambia kijana kwamba Brigham Young hakufanya jema lolote. Aliwafikisha maelfu ya watu waliochoka mahali pa usalama. Wala hatuna haja ya kumwambia kwamba mema hayo yanalipa deni la maneno yale. Ni mtu mmoja aliyefanya yote mawili, na Mungu ndiye atakayemhukumu.

Tatu, tutazame nyumba yetu kabla ya kuhesabu nyufa za nyumba ya jirani. Ndugu, mnajua tunakaa wapi? Hapa Nateete ndipo alipokaa Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Buganda mwaka 1878, akafundisha vijana kusoma na kuchapa vitabu. Ukitoka hapa kwenda Busega, mwendo mfupi tu, unafika mahali ambapo tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wanafunzi wa misheni waliuawa kwa moto kwa ajili ya Kristo: Yusufu Lugalama, Marko Kakumba na Nuwa Serwanga. Baadaye wengine wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, waliuawa pamoja Namugongo na mahali pengine.

Tunayahubiri hayo kila mwaka, na ni vema. Ila hatuhubiri yaliyofuata. Januari 1892, miaka 7 tu baada ya Busega, Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana hapa Mengo, na bunduki za Kapteni Lugard zikawasaidia Waprotestanti. Rubaga ikachomwa moto. Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu. Miongoni mwa waliopigana walikuwamo watu waliojua vizuri mashahidi wale, waliosoma pamoja nao na kuomba pamoja nao. Je, mtoto wetu akitusomea hayo kwenye simu, tutamwambia nini?

Tena ile hadithi ya laana haikuhubiriwa na Wamormoni peke yao. Makanisa mengi ya Wazungu, yakiwemo yale yaliyotuletea Injili, yalitumia hadithi ya Kaini au ya Hamu ili kutetea utumwa. Na huku kwetu Maziwa Makuu, Mwingereza John Speke, aliyefika Buganda mwaka 1862, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba watawala wa nchi hizi ni jamii bora iliyotoka mbali na kuwatawala watu duni. Maneno hayo yakaingia katika shule na misheni, wakafundishwa watoto kwamba kabila hili limezaliwa kutawala na lile limezaliwa kutumikishwa. Matunda yake tumeyala. Mwaka 1994 watu waliuawa Rwanda ndani ya makanisa waliyobatizwa. Vita vikavuka mpaka vikatukuta Kivu. Katika kanisa letu dogo tuna Mshi, Mfuliru, Mbembe na Munyamulenge kwenye benchi moja, na wote tunajua bei ya kukaa kwenye benchi hilo. Wazee waliotufundisha kuomba, wengine ndio waliotufundisha kuchukiana. Sasa tumcheke nani?

Nne, tusimvune mtu wakati wa kilio. Hatufichi kwamba tuna tofauti kubwa za mafundisho na Wamormoni, na kijana anazijua. Kuna siku ya kuzungumza juu ya hayo, Biblia mezani, moyo ukiwa umetulia. Lakini mtu aliyeanguka kwenye matope hawekewi masharti ndipo anyoshewe mkono. Yuda anatufundisha kuwahurumia walio na shaka, wala hakusema tuwahurumie wa dhehebu letu tu. Kama tunampenda kwa sababu anaweza kuongeza idadi ya washirika, huo si upendo, ni biashara. Na akija kwetu kwa hasira juu ya Brigham Young, kesho atatuacha kwa hasira juu yetu, maana nasi hatutakosa kumkosea.

Tano, tumsaidie kutafuta msingi. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba hakuna awezaye kuweka msingi mwingine isipokuwa Yesu Kristo. Mchungaji ni mjenzi. Mmisionari ni mjenzi. Wajenzi wengine huweka matofali mabichi, na mvua ikija yanaanguka. Hatuwezi kusema hayakuanguka. Tunaweza kuchimba pamoja na rafiki yetu tuone chini kuna nini. Swali lake, “Nilikuwa nikiomba kwa nani?”, ni swali zuri. Hata sisi tunapaswa kujiuliza: tunamwomba Mungu, au tunawaomba wazee waliotuongoza?

Baada ya kujifunza hayo, wawili wetu, baba mmoja na mama mmoja, walimwendea kijana pale kwenye cherehani. Walinunua chapati na chai, wakaketi kwenye benchi lake. Kwanza waliomba msamaha kwa kicheko kile. Kisha wakanyamaza, wakamwacha aseme. Alisema muda mrefu. Alisema kinachomwuma zaidi ni mama yake, ambaye ni mgonjwa na anapata nguvu katika kanisa lile. Hajui kama amwambie alichosoma.

Ndipo mama yule akamsimulia habari za Jane Manning, mwanamke mweusi wa Marekani aliyezaliwa huru na akajiunga na Wamormoni. Mwaka 1843 yeye na ndugu zake walikataliwa kupanda meli, wakatembea kwa miguu karibu kilomita 1,300 hadi Nauvoo. Mwenyewe alisimulia kwamba viatu viliisha na miguu ikatoka damu. Alifika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Kwa miaka mingi aliwaomba viongozi wamruhusu kupokea baraka za hekalu kama washirika wengine, nao wakamkatalia. Hakuacha kuomba.

Kijana akauliza, “Mwishoni alipata alichoomba?” Wakamwambia hapana, alikufa mwaka 1908 bila kukipata. Hawakuongeza neno. Kijana alikaa kimya, kisha akasema angependa mama yake amjue huyo mama. Akarudi kwenye kazi yake.

Mtatuuliza, wapendwa: Je, amehama? Amebaki? Hatujui, na hatumsukumi. Tunachojua ni kwamba kila Jumapili anampeleka mama yake kanisani kwake kwa bodaboda. Siku nyingine anaingia ndani pamoja naye, siku nyingine anamngoja nje. Jumatano anapita kwetu, anaketi nyuma, tunaomba pamoja naye. Akiuliza swali tunalijibu kama tunajua. Kama hatujui, tunasema hatujui.

Ndugu, kati yenu wamo wenye marafiki kama huyu: Mkatoliki aliyeumizwa na padri, Mpentekoste aliyedanganywa na nabii, Mwanglikana aliyesoma historia. Wakija kwenu na simu mkononi na macho mekundu, kumbukeni kosa letu. Msicheke, msidanganye, wala msiharakishe. Ketini nao.

Tuombe: Bwana, wewe unawajua wazee wetu wote, mema yao na mabaya yao. Utusamehe tulipowafanya kuwa mungu, na utusamehe tulipocheka machozi ya jirani. Umshike mkono huyu ndugu yetu, na mama yake umpe afya. Utufundishe kusema kweli kwa upendo. Katika jina la Yesu, Amina.

Ni sisi ndugu zenu wa kikundi cha maombi, Nateete.