Kilomita 42 Kabla Jua Halijakaza

Saa kumi na moja alfajiri, Lisekese bado ina ubaridi. Kati ya mikorosho na vilima vya mawe vya Masasi, mkimbiaji wa ridhaa anawahi kabla jua halijakaza.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195.

Mwili huhitaji miezi minne hivi kuuzoea umbali huo: mbio siku tatu au nne kwa wiki, nyingi za mwendo unaoruhusu mazungumzo, na moja ndefu inayoongezwa taratibu hadi kilomita 30 hivi. Karibu na hapo akiba ya wanga mwilini huelekea kwisha, miguu ikawa mizito. Kwa hiyo ugali wa jana usiku nao ni sehemu ya mazoezi.

Watanzania wameukimbia umbali huo mbele ya dunia. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho mguu ukiwa na bendeji. Septemba 2025, mjini Tokyo, Mtanzania mwenzake Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kwa tofauti ya sehemu 3 tu za mia ya sekunde.

Lisekese, kamba za viatu zimeshafungwa. Leo ni kilomita 12.